Besi Inayokwaruza: Amplifaya, Ilimba na Sauti ya Jukwaani

Katika bendi ya panki, gitaa la besi halikai nyuma. Bendi nyingi za aina hiyo zina watu watatu au wanne tu: mwimbaji, gitaa moja, besi na ngoma. Hakuna gitaa la pili la kuziba mapengo, hakuna kinanda, hakuna matarumbeta. Gitaa likinyamaza hata kwa kitambo kidogo, kinachobaki masikioni ni besi, na kama besi yenyewe ni nyembamba au imezama, wimbo mzima unabaki uchi. Kwa sababu hiyo wapiga besi wa panki hubishana sana kuhusu amplifaya, pengine kuliko wanavyobishana kuhusu gitaa lenyewe. Kwao amplifaya ni sehemu ya ala. Wanaichagua kwa namna inavyokwaruza, kwa uzito wa pigo lake kifuani mwa msikilizaji, na kwa uwezo wake wa kupenya kelele za gitaa na matoazi bila kupotea.

Mkwaruzo huo una sababu, na sababu yenyewe inaanzia kwenye uzi. Uzi wa nne wa gitaa la besi, ule mnene kuliko zote, ukipigwa bila kubanwa hutoa sauti yenye mitetemo kama 41 kwa sekunde. Wimbi la sauti hiyo likiwa hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini kiasi hicho. Linasikia vizuri zaidi sauti za mitetemo kati ya 2,000 na 5,000, eneo la herufi kali za usemi na kilio cha mtoto. Lakini uzi hautetemeki kwa namna moja tu. Wakati uleule unaotetemeka kwa urefu wake wote, hutetemeka pia kwa nusu yake, kwa theluthi yake, kwa robo yake, na hivyo kuzaa sauti tanzu za mitetemo 82, 123, 164 na kuendelea. Sauti tanzu hizo ndizo zinazolipa sikio habari. Anayesikiliza kwa redio ndogo ya betri ana ushahidi mkononi: spika ya redio ile haina uwezo wa kutoa mitetemo 41, ila besi ya wimbo hutambulika, kwa sababu ubongo ukishapewa sauti tanzu huijenga wenyewe sauti ya msingi iliyokosekana.

Hapo ndipo amplifaya inapoingia. Ikisukumwa kupita kiwango chake, vilele vya mawimbi hukatwa, na kukatwa huko huongeza sauti tanzu, nyingine mpya kabisa na nyingine zilizokuwepo ila zilikuwa dhaifu. Besi iliyokuwa imelala chini kabisa hupata meno katika eneo ambalo sikio ni jepesi. Amplifaya ya valvu, ile yenye taa za kioo zinazowaka ndani, hufanya kazi hiyo hatua kwa hatua: mpigaji akipapasa uzi, sauti hutoka safi, akiucharaza kwa nguvu, hukwaruza. Mkono ndio unaoamua. Tena mapigo makubwa hubanwa na madogo kuinuliwa, hivyo mfululizo wa noti za haraka, ambao ndio chakula cha kila siku cha panki, hutoka ukiwa umelingana, noti kwa noti, bila nyingine kumezwa.

Vyombo vyenyewe havikutengenezwa kwa ajili ya mkwaruzo. Leo Fender wa California alitoa gitaa la besi la Precision mwaka 1951, na mwaka uliofuata akatoa amplifaya ya kulibeba, Bassman. Wapiga gitaa la kawaida waliigundua Bassman na kuipenda kwa jinsi ilivyopasuka ikiongezwa sauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 duka la Jim Marshall jijini London lilichukua ramani ya saketi yake na kujenga amplifaya ya kwanza ya Marshall. Kutoka kwenye ukoo huo ilizaliwa Super Bass ya wati 100, chombo kilichokusudiwa besi lakini kikatawala pia majukwaa ya magitaa.

Kampuni ya Ampeg ina historia inayostahili kusimuliwa kwa utulivu. Mwanzilishi wake, Everett Hull, alikuwa mpiga besi ya kusimama, ile kubwa ya mbao yenye kimo cha mtu, na jina la kampuni lilitokana na kigingi cha chini cha ala hiyo, ambamo aliingiza maikrofoni. Hull alitaka sauti safi. Hakupenda mkwaruzo wala kelele za roki, na kwa miaka mingi amplifaya za Ampeg zilifuata imani yake. Baada ya yeye kuondoka, mafundi wa kampuni walijenga mwaka 1969 amplifaya ya SVT, yenye wati 300 za valvu, wakati nyingi za enzi hizo zilikuwa na wati 50 au 100. Rolling Stones waliibeba kwenye ziara yao ya Marekani mwaka huohuo. Kichwa chake peke yake kina uzito wa karibu kilo 40. Boksi lake lina spika nane za inchi 10, na toleo la siku hizi lina kimo cha mita 1.2 na uzito wa zaidi ya kilo 60.

Spika ndogo nane badala ya moja kubwa: uamuzi huo ndio uliolifanya boksi lile kuwa kipenzi cha wapiga besi wa panki. Boksi limefungwa kila upande, halina tundu la kupumulia, na sauti yake huanza kupungua mapema, chini ya mitetemo 58 hivi kwa sekunde. Kwa karatasi hilo ni pungufu. Jukwaani ni neema, kwa sababu zile sauti za chini kabisa ndizo zinazovuma ukumbini, zikajigonga ukutani na kurudi zikiwa zimechelewa, zikavuruga noti zinazofuata. Spika ya inchi 10 husimama haraka pigo linapokwisha. Katika wimbo wa mwendo mkali, spika inayoendelea kutikisika baada ya noti kuisha inamharibia kila mtu jukwaani.

Dee Dee Ramone wa Ramones, bendi iliyoanza New York mwaka 1974, ndiye aliyeonyesha mchanganyiko huo unaweza nini. Alishika Precision, akalicharaza kwa piki, yaani kile kipande kidogo cha plastiki, mapigo yote yakishuka chini tu, wimbo hadi wimbo, nyuma yake zikiwa SVT. Katika albamu yao ya kwanza ya mwaka 1976 besi imewekwa upande mmoja wa spika na gitaa upande mwingine. Anayetaka kuijua besi ya panki na azime spika ya gitaa akasikilize upande wa Dee Dee peke yake: atakuta sauti ngumu, yenye chuma ndani yake, inayobeba wimbo bila msaada.

Lemmy wa Motörhead, ambaye bendi yake haikuwa ya panki kwa jina lakini ilipendwa na mapanki kama yao wenyewe, alikwenda mbali zaidi. Alitumia Marshall Super Bass, akazima kabisa vitufe vya sauti za chini na za juu, akaipandisha ile ya kati. Besi yake ilifanya kazi ya gitaa la pili. Upande mwingine alisimama Paul Simonon wa The Clash, aliyekulia katika mitaa ya London yenye Wajamaika wengi na kujifunza besi kwa masikio yaliyozoea rege. Alitaka mviringo na uzito, na nafasi ya kimya kati ya noti. Bad Brains, bendi ya vijana weusi wa Washington, waliweka ladha zote mbili katika onyesho moja: wimbo wa kasi ya kutisha, kisha rege ya taratibu, kwa besi ileile. Kwa hiyo hakuna sauti moja ya besi ya panki. Kuna sharti moja, kwamba isikike.

Afrika Mashariki, panki imepata makao zaidi Nairobi, ambako Crystal Axis wanajitambulisha kama bendi ya panki ya Kiafrika na kuimba juu ya historia na siasa za bara hili. Tanzania, nyanda za kati zikiwemo, imelelewa na ladha nyingine ya besi, ile ya muziki wa dansi. Patrick Balisidya, mzaliwa wa Mvumi mkoani Dodoma, aliiongoza Afro 70 katika miaka ya 1970 na kufika hadi Sweden kurekodi pamoja na wanamuziki wa huko. Katika bendi za kizazi chake, mkung'uta besi alipiga kwa vidole, sauti ikiwa ya mviringo, safi, inayojibizana na gitaa la solo na kuwaachia nafasi tumba na saksafoni. Mkwaruzo katika muziki huo ulikuwa dalili kwamba spika imepasuka na fundi aitwe. Sikio lililokuzwa hivyo, ambalo ndilo sikio la mafundi mitambo wengi wa leo, likikutana na besi ya panki huona kosa, na mkono huenda wenyewe kwenye kitufe ili kuisafisha sauti.

Lakini nyanda za kati zina sikio la zamani kuliko dansi. Wagogo wa huko wamejenga muziki wao juu ya sauti tanzu zilezile zinazozaliwa na uzi. Watafiti wa muziki wameonyesha kwamba ngazi ya sauti ya Kigogo inafuata sauti tanzu za asili, hasa kuanzia ya nne hadi ya tisa, na ndiyo maana nyimbo za sauti nyingi za Wagogo zina ile ladha ya wazi ambayo kinanda cha kizungu hakiwezi kuitoa vizuri. Na katika ala yao kuu, ilimba, mkwaruzo umewekwa kwa makusudi.

Ilimba ni sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba vilivyopangwa juu yake, vingine virefu na vingine vifupi, ambavyo mpigaji huviminya kwa vidole na kuviachia. Ilimba kubwa zina vyuma vingi kupita vile vinavyopigwa. Vilivyobaki hutetemeka vyenyewe vikiitikia wenzao. Kwenye sanduku kuna tundu, na juu ya tundu fundi hubandika utando mweupe, laini kama karatasi ya sigara, unaotolewa kwenye kifuko cha mayai ya buibui. Chuma kikipigwa, hewa ndani ya sanduku husukuma utando, nao hutetemeka na kutoa mvumo wa kukwaruza juu ya kila noti. Mpigaji akigusa taratibu, utando hubaki karibu kimya. Akiongeza nguvu, unaamka. Kanuni yake ni ileile ya valvu: pigo dogo hutoka safi, pigo kubwa hutoka na sauti tanzu za ziada, na mkono ndio unaoamua. Ilimba isiyo na utando kwa sikio la Mgogo haijakamilika. Vyuma vinalia, ila ala haijasema.

Sauti hiyo ilisafiri duniani kupitia mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyezaliwa Doduma, mkoa wa Dodoma, na kufanya kazi kubwa ya maisha yake Bagamoyo, kwenye kundi la taifa la muziki na chuo cha sanaa, hadi kifo chake mwaka 2003. Albamu yake Chibite ilitoka mwaka 1996 kwenye lebo ya Real World ya Peter Gabriel, na mwaka 2002 ilifuata Assembly, aliyoifanya na mpiga gitaa Michael Brook, ambamo ilimba na zeze vinakutana na vyombo vya umeme. Ukoo haukuishia hapo. Mwanawe Msafiri Zawose alitoa Uhamiaji mwaka 2017, ilimba ikiwa katikati ya mashine za kisasa, na Pendo na Leah Zawose, kwa jina la The Zawose Queens, walitoa Maisha mwaka 2024, wakipiga ala ambazo zamani ziliachiwa wanaume.

Kiungo cha wazi kabisa kati ya ukoo huu wa ala na panki kilitokea Kinshasa. Mawangu Mingiedi, aliyeanzisha kundi la Konono N°1, alitaka likembe, ndugu wa ilimba, isikike mitaani juu ya kelele za mji. Alitengeneza maikrofoni za mkono kwa sumaku zilizotoka kwenye vipuri vya magari, akaziunganisha na amplifaya na vipaza sauti vya mikutano. Kundi lilikuwa na likembe tatu za umeme: ya juu, ya kati na ya besi. Vyombo vile vilipasua sauti, naye akaikubali, kwa sababu mvumo wa kukwaruza ulikuwa tayari desturi ya ala yenyewe. The Ex, bendi ya panki ya Uholanzi iliyoanza mwaka 1979, iliwasikia na kuitambua sauti yao kuwa jamaa ya sauti yake. Katika albamu yao ya mwaka 2004 waliingiza wimbo uliotokana na mtindo wa Konono. Albamu ya Congotronics ya Konono wenyewe nayo ilitoka Ulaya na kupendwa hasa na wasikilizaji wa roki na muziki wa mashine.

Tatizo linalozikuta besi ya panki na ilimba jukwaani ni moja, nalo ni mahali pa kuchukulia sauti. Njia rahisi ya besi ni kisanduku kidogo kinachopeleka sauti ya gitaa moja kwa moja kwenye miksa, bila kupitia amplifaya. Ni njia safi na ya kutegemewa, na kwa kwaya au dansi inatosha. Ila mkwaruzo wa panki huzaliwa mbele zaidi, kwenye valvu na kwenye karatasi ya spika, kwa hiyo kisanduku hicho kikiwekwa kabla ya amplifaya kinachukua gitaa na kuacha nusu ya ala nyuma. Ilimba nayo mara nyingi hubandikwa kijisahani cha kunasa mitetemo kwenye mbao. Kijisahani husikia vyuma vizuri, lakini utando wa buibui unafanya kazi yake hewani, na hewani hakifiki. Watu uwanjani wanapata ilimba kavu, yenye sauti ya vibao, na wazee waliokaa mbele wanashangaa ala imefanywa nini.

Dawa ni kuchukua sauti mara mbili. Kwa besi, waya mmoja hupeleka sauti safi ya chini, na maikrofoni huwekwa sentimita chache mbele ya spika moja ya boksi, kuchukua mkwaruzo. Kisha fundi huzichanganya. Kwa ilimba, kijisahani kibaki kwenye mbao, na maikrofoni ndogo ielekezwe kwenye tundu lenye utando, karibu kabisa, ili sauti isilazimike kuongezwa hadi spika zianze kupiga mluzi. Anayebeba besi yake kwa pikipiki au daladala, na ambaye SVT ni ndoto, ana njia nyingine: pedali ndogo yenye saketi inayoiga amplifaya na boksi la spika. Haifanani kabisa na kitu chenyewe, hasa chini ya mkono mzito, lakini inamfikishia fundi mitambo sauti ambayo tayari ina mkwaruzo, naye hana budi kuipokea ilivyo.

Uwanja wa wazi una tabia zake. Katika Tamasha la Muziki wa Cigogo linalofanyika Chamwino tangu mwaka 2009, na katika maonyesho mengi ya mjini Dodoma, jukwaa liko chini ya anga. Hakuna kuta za kurudisha sauti za chini, kwa hiyo besi iliyotosha ukumbini inakuwa nyembamba nje, na kuirejesha kunahitaji nguvu nyingi: ili sikio lione sauti imeongezeka mara mbili, wati zinapaswa kuongezwa kama mara kumi. Upepo wa kiangazi nao, unaojulikana na kila aliyekaa Dodoma, huzipinda na kuzitawanya sauti za juu, zikawa zinakuja na kuondoka. Kinachobaki imara ni eneo la kati, na hilo ndilo eneo la mkwaruzo. Mpiga besi anayezidisha sauti za chini kwenye uwanja kama huo anachosha amplifaya bila faida; akipandisha ya kati, anafika hadi safu ya nyuma.

Umeme unataka uangalizi wa peke yake. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230, ukibadilika mara 50 kwa sekunde, na amplifaya iliyonunuliwa ikiwa imetumika Marekani imeandaliwa kwa volti 120. Bila transfoma ya kushusha, huungua mara inapowashwa. Jenereta lililozidiwa hushusha volti kila ngoma kubwa na besi zinapopiga pamoja, na amplifaya ya valvu hulegea wakati huohuo inapohitajika zaidi. Waya wa ardhini ukiwa umekatika, mvumo wa mitetemo 50 na 100 hupanda kwenye spika. Kwa besi ni balaa mahususi, kwa kuwa noti ya Sol ya chini ina mitetemo 49: mvumo unakaa juu ya noti hiyo na kuifanya isikike kama imetoka nje ya tuni. Wengine huukata waya wa ardhini makusudi ili mvumo uishe. Hilo halifai kufanywa hata mara moja, maana mwimbaji mwenye maikrofoni mkononi na mpiga besi mwenye nyuzi za chuma wanaweza kuwa njia ya umeme wakigusana. Mvumo uondolewe kwa kuviunganisha vyombo vyote vya jukwaani kwenye chanzo kimoja chenye waya mzuri wa ardhini.

Besi na ilimba zikiwa katika bendi moja, kama inavyotokea sasa kwa vijana wanaochanganya Kigogo na umeme, kila moja inataka chumba chake. Sauti za chini za mkondo wa ilimba zinaweza kupunguzwa bila hasara, maana sanduku lake ni dogo na kilichopo huko chini mara nyingi ni kelele za jukwaa. Besi ipewe eneo la mitetemo 80 hadi 250 kwa mwili wake, na mkwaruzo wake uachwe utawale kati ya 700 na 1,500. Juu ya 2,000 waachiwe mwimbaji na utando wa buibui. Fundi mitambo akishapanga hivyo, kazi iliyobaki ni kumwomba mpigaji apige kwa nguvu yake ya kawaida wakati wa majaribio, kwa sababu ala zote mbili hubadilika zinapopigwa kwa nguvu, na vipimo vilivyopatikana kwa kupapasa havitafaa onyesho likianza.